Mustang ya Bwana Humam

Mwaka 2002, siku chache baada ya Idi, Bwana Humam aliamua kuuza gari lake la Mustang. Hakushauriana na mtu. Alimwambia mkewe asubuhi wakinywa chai, kwa sauti ile ile ambayo angesemea kwamba sukari imekwisha, kisha akamwomba apige simu gazetini watoe tangazo, maana nambari za simu yeye hakuziona tena.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Presha ya macho ilimwanza akiwa bado kazini, katika kampuni ya mafuta, ikawa inampunguzia kuona polepole, kwanza pembeni, halafu katikati. Sasa alibakiwa na mwanga na vivuli. Aliweza kujua kama dirisha liko wazi, lakini uso wa mkewe, Bi Hasina, aliujua kwa kuukumbuka.

Gari alilinunua mwaka 1978 kutoka kwa Mmarekani aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa la mwaka sabini, kijani cha chupa, milango miwili, na injini ya silinda nane iliyonguruma hata gari likiwa limesimama. Ndilo lililomchukua Hasina nyumbani kwa wazee wake Mutrah siku ya harusi. Ndilo lililomleta Ruba, binti yao wa pekee, kutoka hospitali. Jirani zao wa mtaa wa Wattaya walijua saa ya Bwana Humam kurudi kazini bila ya kutazama saa.

Kisha, Julai ya mwaka 1996, wakirudi kutoka Nizwa, maji ya rejeta yalikwisha na Humam hakuangalia sindano ya joto. Baadaye ndipo walipofahamu kwamba hakuwa akiiona. Pistoni zikanata, injini ikafa hapo hapo. Gari likavutwa mpaka nyumbani, likawekwa chini ya banda, na mwaka ukapita.

Watu walidhani atalitupa. Yeye akalijenga upya, au tuseme walilijenga wawili. Bi Hasina alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika skuli moja ya Ruwi. Kila Alkhamisi na Ijumaa, siku zake za mapumziko, alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na gari, kitabu cha mafundi mapajani, akakisoma kwa Kiingereza kimya kimya na kumwambia mumewe kwa Kiswahili. Mwanzoni hakujua pistoni wala valvu. Walitandika mkeka uani, wakapanga nati na bolti kwa safu, naye Hasina akaandikia kila kitu kikaratasi chake. Silinda zilipelekwa kuchongwa karakana ya mtaa wa chini, na ziliporudi Humam alitia mkono ndani ya kila moja, akapapasa kuta zake pole pole, halafu akasema kazi imekaa vizuri.

Kadiri macho yalivyopungua ndivyo Hasina alivyozidi kuinama naye juu ya injini. Alimtajia alama za kulinganishia vyuma zimefika wapi, yeye akazungusha spana. Bado kidogo. Bado. Basi, hapo hapo. Wakati mwingine walikosana, Hasina akatupa kitabu na kuingia ndani, kisha akarudi na gilasi mbili za chai kana kwamba hapakuwa na kitu. Ilichukua miezi kumi na nne. Siku injini ilipowaka, Hasina alikuwa na grisi mpaka kwenye mtandio, na mumewe alisimama muda mrefu, kiganja juu ya boneti.

Alipata kuliendesha miezi minne tu. Magharibi moja nusura amgonge mtu aliyekuwa akivuka barabara kwenda msikitini. Alirudi nyumbani taratibu, akampa Hasina ufunguo, na hakuuomba tena kwa safari yoyote. Tangu hapo gari lilitoka pale tu Ruba alipokuja kuwatembelea kutoka Sharjah, alikoolewa.

Sasa wakaja wanunuzi. Mmoja alisema waziwazi kwamba ataing'oa injini na kutia nyingine mpya. Humam alimkaribisha kahawa, akamshukuru kwa kuja, akamuaga. Mwingine alilipiga teke gurudumu, Bi Hasina akamwambia gari limeshapata mtu.

Wa tatu aliitwa Hamoud, mtu wa Qurayyat, wa miaka kama arubaini, mwenye malori ya kubebea samaki. Alikuja Alkhamisi asubuhi. Alikunywa kahawa, akala tende mbili, akauliza khabari za injini kabla ya khabari za bei. Alitaka kujua ni fundi gani aliyeifungua.

"Mimi na mama watoto," alijibu Humam.

Hamoud akadhani anataniwa. Kwa adabu akauliza pistoni zilizotiwa zilikuwa za kipimo gani, na kabla Humam hajafungua mdomo, Bi Hasina alikwishajibu. Hamoud aligeuka akamtazama vizuri. Tangu hapo maswali yote aliyaelekeza kwake: ya mafuta, ya kabureta, ya mlio mdogo unaosikika injini ikiwa baridi. Mwisho akaomba achukuliwe mzunguko mmoja, alisikie gari likiwa mwendoni kabla ya kushika usukani yeye mwenyewe.

Humam alimtaka radhi. Alisema binti yao hayupo, na nyumbani hapana mwingine anayeendesha.

"N'taendesha mimi," alisema Bi Hasina.

Alifungua mkoba, akatoa kadi, akaiweka kwenye kiganja cha mumewe. Humam aliizungusha vidoleni, akapapasa pembe zake. Ilikuwa leseni ya udereva. Bi Hasina aliipata wiki tatu nyuma, akiwa na miaka hamsini na mbili, baada ya miezi saba ya kujifunza kwa siri. Kila mara alimwambia mumewe anakwenda kwa dada yake, Sabah. Mtihani wa kurudi nyuma kati ya mapipa alianguka mara mbili, na mara ya pili alilia mbele ya askari aliyemtahini. Mustang yenyewe hakupata kuitoa nje ya geti. Alikuwa akisubiri apate moyo wa kufanya hivyo ndipo amwambie Humam. Kisha asubuhi ile, wakinywa chai, Humam akasema anauza, naye akaona haya kumpinga.

Hamoud aliingia nyuma, akajikunja, ili Humam akae mbele. Gari lilimzimikia Bi Hasina mara moja getini. Halafu likaondoka. Alishika njia ya Bustan, ile inayopanda mlima na kuteremka upande wa pili, mikono yake miwili imeng'ang'ania usukani. Humam hakumfundisha kitu. Aliinamisha kichwa na kusikiliza. Kwenye mpando Bi Hasina alibadilisha gia kwa kuchelewa, injini ikapiga kelele, naye Humam akatabasamu tu.

Walipofika Bustan Hamoud alisema anataka kunyoosha miguu. Aliteremka akaenda mbali kidogo, akawaacha.

"Kwa nini hukunambia?" Humam aliuliza.

"Nilitaka nikutoe siku moja, bila ya khabari. Nikuchukue popote unapotaka."

"Goti je? Klachi hii ngumu."

Goti lilikuwa likimuuma tangu mpando wa mwanzo, na mabega pia. "Linauma," alisema Bi Hasina.

"Na gari hili, unalipenda?"

"Wallahi silipendi, Baba Ruba. Nnapenda ukaaji wako ndani yake."

Humam alicheka, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akautafuta mkono wa mkewe juu ya usukani, akaubandua kidole baada ya kidole mpaka ukalegea. Alimwambia kwamba siko kulichoka gari kulikomfanya atake kuuza. Alikuwa akiwasha injini kila asubuhi, akikaa ndani, na akitoka anakuwa na huzuni ya kutwa nzima. Akaona Hasina anaibeba huzuni hiyo pamoja naye.

"Sasa nnauza kwa furaha," alisema. "Tutafute gari jepesi, la goti lako. Uchague wewe. Hata rangi."

Hamoud alirudi, akaendesha yeye mpaka Wattaya, na kwa namna alivyoingiza gia Humam aliridhika. Bei haikuwasumbua. Bi Hasina alimpa kile kitabu cha mafundi, pambizo zake zimejaa mwandiko wake wa Kiswahili, na Hamoud akakishika kwa mikono miwili. Gari lilipotoka getini, Humam alisimama uani akilifuata kwa masikio mpaka barabara kubwa, na kidogo baada ya hapo. Bi Hasina alisimama ubavuni mwake. Alikuwa analia, na Humam alijua bila ya kuambiwa.

Mwezi uliofuata walinunua gari dogo la Kijapani, jeupe, lisilokuwa na klachi. Ijumaa ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, Bi Hasina alimchukua mumewe kwenda kwa Sabah na kurudi. Njiani wakirudi, Bi Hasina alipomtazama akaona amelala, kichwa kimeegemea kioo. Miaka yote ya ndoa yao hakupata kumwona akilala ndani ya gari. Siku zote alikuwa akiisikiliza injini.

Alipofika kwenye kona ya nyumba yao Bi Hasina hakukata. Alipunguza mwendo, akaendelea mbele.