Ukungu wa Kanazi

Felicitas aliiweka picha mezani kwangu kwa kishindo, kama mtu anayerudisha dukani kitu kibovu. Niliitambua mara moja, maana ilikuwa kazi yangu mwenyewe: bonde la Kanazi asubuhi, nililolipiga kutoka mlimani mwaka sabini na saba. Chini ukungu mweupe, juu mawingu manene ya kupendeza. Mumewe, marehemu Kamugisha, aliinunua kwangu wiki waliyofunga ndoa, akaitundika sebuleni.

"Tata Ildefons," akasema, "nimekuja uniondolee huu ukungu."

Nikacheka. "Mama Rozi, ukungu ni wa Mungu. Mimi nilibonyeza tu."

"Na mawingu je?"

Mawingu yalikuwa yangu. Zamani hizo nilikuwa na negativu moja ya mawingu niliyoyapiga juu ya ziwa, na kila picha ya mandhari iliyotoka na anga tupu niliipachikia mawingu hayo. Kwenye karatasi nilimulika nchi kwanza, nikaifunika kwa kadibodi, nikabadilisha negativu, nikamulika mbingu. Wateja walifurahi na mimi nilijivuna. Anayeiita kazi hiyo uongo ajaribu kuifanya mwenyewe kwenye chumba cha giza chenye joto la tanuri, ndipo aje tuzungumze.

Lakini Felicitas hakuja kusifia wala kulaumu. Alikaa kwenye kiti cha wateja akanieleza. Kamugisha alikuwa amekufa mwaka uliotangulia kwa ugonjwa ule ambao mwanzoni tuliuita Juliana, jina la nguo za magendo, kabla hatujajua kwamba ni ukimwi na kuacha utani. Kibanja chao, shamba la migomba na kahawa, kilipakana na cha shemeji yake, Apolinary, na katikati ulisimama mstari wa milamula, ile mimea mirefu tunayoipanda mipakani Uhaya mzima. Sasa Apolinary alikuwa ameing'oa yote. Alidai kwamba marehemu aliipanda kwa siri mwaka wa vita, sabini na nane, wakati yeye Apolinary yuko mgambo, mbele ya risasi, na baba yao ameshafariki. Kwa hiyo ule mpaka ni wa wizi, na kibanja chote ni chake, isipokuwa uwanja wa nyumba.

"Miaka yote Kamugisha akiwa hai, Apolinary hakusema neno," nikasema.

"Hakusema. Mimi niliolewa baada ya vita, nikaikuta milamula imeshasimama. Mume wangu aliniambia baba yao aliwagawia kabla ya vita. Walioshuhudia ni akina nani? Tumewazika wote, tata. Jumapili ukoo unakaa. Nikishindwa, wanangu watano watakula nini?"

Kisha akaweka kidole katikati ya ule weupe wa picha. "Kibanja chetu kiko hapa chini."

Nikasema nitajaribu. Sikumwahidi kitu, ila moyoni nilishaanza kuwashwa na hamu ya kazi.

Wakati wa vita, mizinga iliponguruma upande wa Kyaka, nilifukia negativu zangu migombani ndani ya kopo la biskuti. Nyingine ziliota ukungu wa aina nyingine, ule wa kula filamu, lakini ya Kanazi ilikuwa nzima. Na safari hii nilikuwa na kitu ambacho mwaka sabini na saba sikukiota. Mzungu mmoja wa mradi wa yatima, aliyependa kupiga picha, aliniachia boksi la karatasi za aina mpya alipokuwa akirudi kwao. Karatasi hizo zinatii rangi ya mwanga. Ukiweka kichujio cha njano, picha inakuwa laini. Ukiweka cha zambarau, inakuwa kali, nyeusi inaachana na nyeupe. Unaweza kuvitumia vyote viwili kwenye karatasi moja, mlima kwa njano, bonde kwa zambarau, ukikinga kwa kadibodi sehemu usiyoitaka.

Nikalimulika bonde kwa mwanga mkali, muda mrefu kuliko nilivyowahi kuthubutu. Nikatia karatasi kwenye dawa. Mlima ulitokea kwanza, kama kawaida. Halafu pale pote palipokuwa peupe pakaanza kuingia migomba, mibuni, paa la nyasi, lile ghala la kahawa lililoungua mwaka wa vita. Na kutoka ghalani, kupanda juu hadi kwenye mibuni, palikuwa na mstari wa vijiti vilivyonyooka, kila kimoja na kishungi chake cha majani. Milamula ilikuwepo kabla ya vita, ghala likiwa bado limesimama! Nilipiga kelele peke yangu mle chumbani. Miaka kumi na minne nilidhani nimepiga picha ya ukungu!

Jumapili nikaenda Kanazi na Felicitas. Mkuu wa ukoo wao, Mzee Aristides, ni mtu mwembamba asiye na haraka. Miaka ile ya kabla ya vita alikuwa akinunua samaki visiwani Muleba, kwa hiyo hakujua nani alipanda nini. Tulitafuna punje za kahawa tulizokaribishwa, kisha nikaitoa picha. Mzee akaitazama kwa muda mrefu, akaipitisha kwa watu. Niliona kichwa kimoja kikitikisika kwa kukubali, kisha kingine. Felicitas alikuwa amefumba macho.

Apolinary akainuka. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Alikwenda nyumbani kwake akarudi na picha ya kwenye fremu, picha ya mandhari ya Kaagya, kijiji kingine, yenye mhuri wangu nyuma. Akaomba na ile ya zamani ya sebuleni, ambayo Felicitas alikuwa amekuja nayo, akazishika kando kando.

"Ndugu zangu, tazameni mbinguni. Hapa Kanazi. Hapa Kaagya. Mawingu ni yaleyale! Huyu bwana ana wingu moja, analitembeza mkoa mzima. Leo mjane wa watu kamlilia, kampandia milamula."

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Niliona aibu, nikaona na hasira, na hasira ikawa kubwa zaidi. Mzee Aristides hakucheka, lakini alinirudishia picha yangu. "Waitu Ildefons," akasema taratibu, "mtu anayeongeza mawingu, nitajuaje hakuongeza na mengine?"

Nilimwona Felicitas akikusanya khanga yake mapajani, akikunja na kukunjua. Ndipo nikasema kwa sauti ambayo haikuwa na adabu ya mgeni: "Basi njoo uisafishe wewe mwenyewe! Njoo studioni kwangu, Kashai. Na huyu mheshimiwa wa mawingu aje pia, ashike kadibodi."

Mzee akafikiri, kisha akasema, "Kesho asubuhi."

Walikuja kweli, wote watatu, Mzee Aristides, Apolinary na Felicitas. Nilimpa mzee negativu akaitoa nje, akaiinua kwenye jua, akaikagua kama mtu anayekagua mbegu. Alichagua mwenyewe karatasi kutoka katikati ya boksi, chini ya taa nyekundu, akaweka alama yake nyuma kwa penseli. Chumba changu ni chembamba. Tulisimama tumebanana, tukinusa dawa na jasho.

"Hii picha ya jana ilikuwa ndogo," mzee akasema. "Nataka mahali penye ule mstari tu. Pakuze."

Nikapandisha mashine ya kukuzia mpaka juu kabisa, mpaka kona moja ya bonde ikajaa karatasi nzima. Sikuwahi kuitazama kona hiyo kwa ukubwa ule. Nikaweka kichujio cha zambarau, nikampa mzee kadibodi, nikamwonyesha jinsi ya kuitikisa ili isiache alama. Kisha nikampa Apolinary koleo, nikamwambia aizamishe karatasi kwenye dawa yeye mwenyewe, asije akasema nimefanya uchawi.

Tukainama wote juu ya sinia ya dawa.

Vijiti vilikuja kimoja kimoja. Mzee alikuwa akivihesabu kwa midomo, kimyakimya. Halafu, mwishoni mwa mstari, yakatokea mambo ambayo sikuyatarajia. Mtu ameinama, mgongo kwetu, mikono ardhini. Na kando yake mtu mwingine, mrefu, kashika kibuyu, na chini ya kwapa lake gongo la kutembelea.

"Hawa ni nani?" mzee akauliza.

Mimi sikujua. Felicitas naye hakujua, akatikisa kichwa. Nyuso kwenye picha zilikuwa ndogo kuliko punje ya ulezi. Mtu yeyote angeweza kuwa mtu yeyote, na niliona njia ya Apolinary ya kutokea iko wazi kabisa. Angesema ni vibarua. Angesema hata hiyo ni Kaagya. Nani angembishia?

Koleo lilikuwa bado mkononi mwake. Dawa ilidondoka kwenye kiatu chake, wala hakuona.

"Ni mimi," Apolinary akasema.

Akaonyesha kwa koleo yule mwenye gongo.

"Nilikuwa nimevunjika mguu. Nilianguka kwenye baiskeli, mwezi ule baba alipotugawia. Sikuweza kuinama." Ile sauti ya kanisani ilikuwa imekwisha. "Nilishika maji tu. Kamugisha alipanda yote. Upande wake na upande wangu. Nikamwambia pumzika, akasema we mwagia tu."

Akaanza kulia, mtu mzima yule, na mimi nililia naye ingawa dakika chache nyuma nilitamani kumpiga. Alisema ana watoto wake sita na wanne wa dada yake aliyekufa, na kila asubuhi akitazama migomba anaona haitoshi. Hakusema hivyo ili asamehewe. Alisema tu, akimtazama yule mtu aliyeinama.

Felicitas ndiye aliyenyoosha mkono, akampokea koleo, akaitoa picha kwenye dawa kabla haijaungua ikawa nyeusi. "Shemeji," akasema, "hao wanne na wangu watano wanasoma shule moja na wanakula sahani moja. Ulidhani ningewafukuza kwangu? Mpaka ni mpaka, lakini mlango uko wazi."

Mzee Aristides alisafisha koo. "Hukumu imeshatoka," akasema. "Tutoke humu, napata kizunguzungu."

Nje, juani, Apolinary aliishika ile picha mbichi, niliyokwisha kuikaza kwa dawa ya pili, kwa ncha za vidole. Aliniuliza kama hizo karatasi mpya zinaweza kumgeuza ndugu yake kidogo, auone uso wake. Nikamwambia haziwezi. Akaitikia kwa kichwa, akaomba apewe hiyohiyo, ya mgongo.

Mvua za kwanza zilipokolea waliniita Kanazi na kamera. Ukoo wote ulikuwepo, na kibuyu cha maji alikishika Rozi, binti mkubwa wa Felicitas. Apolinary alivua shati, akainama, akapanda mulamula wa kwanza, kisha wa pili, upande wa shemeji yake na upande wake, akakataa kusaidiwa. Kila Rozi alipomsihi apumzike, alijibu, "We mwagia tu."

Nilipiga kutoka palepale mlimani. Asubuhi ilikuwa safi, bonde lote linaonekana mpaka chini. Angani hapakuwa na wingu hata moja, na sikuliweka.