Chupa ya Watoto Kumi

"Ulimbeba mgongoni, au ulimweka chini?"

"Umeshaniuliza hilo."

"Na hujanijibu, mama. Mgongoni, au chini?"

Yusta aliendelea kumenya viazi. Alikuwa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, miguu kainyoosha, ganda likishuka refu kutoka kwenye kisu bila kukatika. Ndivyo alivyogombana siku zote: mikono kazini, mdomo vitani, macho hayamtazami mtu.

"Tangu kumekucha hujaniamkia," alisema. "Unaniingilia jikoni kwangu unanihoji kama polisi. Ndiyo diploma hiyo?"

"Shikamoo." Dorkasi aliitupa kama mtu anayemtupia jiwe mbwa wa jirani.

"Marahaba," Yusta akajibu, maana shikamoo haiachwi ikaanguka chini, hata itupwe vipi.

"Haya. Mgongoni, au chini?"

"Nilimshusha! Nani anakaa nyumbani kwa watu na mtoto mgongoni kama anayetaka kukimbia? Nilimweka pale kitandani, akacheza na Sheshe. Wamechekeana. Umeridhika?"

Dorkasi hakuridhika. Aliuegemea ukuta, akamtazama mama mkwe wake. Glory, mwenye miezi tisa na siku nne, alikuwa mgongoni mwake akilinyonya fundo la kitenge.

Habari yenyewe aliipata asubuhi ile, tena kwa shukrani. Alikuwa kitaluni anamwagilia miche yake ya kabichi, Tatu, jirani wa chini, akamwita kutoka ng'ambo ya mfereji: "Mama Glory! Mwambie mama nashukuru kwa Jumamosi. Kuja mwenyewe, na mtoto pia, amenipa moyo." Jumamosi Dorkasi alishinda Lushoto mjini kwenye semina ya mbegu, mtoto akamwachia bibi yake. Alipouliza Sheshe, mtoto wa Tatu, anaumwa nini, Tatu alitazama pembeni. Alisema ni joto tu na macho mekundu, na vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio. Wametoka Mnazi juzi juzi, kwenye mavuno, na huko watoto wengi walikuwa hivyo hivyo.

Dorkasi aliiacha ndoo pale pale. Alimpigia Happiness, waliyesoma naye sekondari, sasa muuguzi huko Bumbuli. Happiness hakuzunguka. Hiyo ni surua, alisema. Mtoto aliyekutana na mgonjwa akichanjwa ndani ya siku tatu, chanjo inaweza kumuwahi. Siku tatu zikipita, mnakaa mnamtazama tu.

Kutoka Jumamosi saa kumi jioni, Glory alipopelekwa kwa Tatu, mpaka Jumanne saa kumi. Leo ilikuwa Jumatatu, saa tano kasoro. Kliniki ya mkoba, ile inayokuja kijijini mara moja kwa mwezi, ilikuwa kwenye banda la shule ya Jumapili, chini ya kanisa, na saa saba nesi anafunga boksi lake na kupanda pikipiki. Zahanati wanachoma surua Alhamisi tu.

"Nipe kadi ya mtoto," alisema Dorkasi.

"Kadi ninayo."

"Najua unayo. Nipe."

Yusta akaweka kisu chini. Alijipapasa kifuani, palipotuna kipande cha karatasi ngumu chini ya blauzi, kisha akakunja mikono juu yake. "Mwanangu Kornelio amesema asubiriwe."

"Kornelio yuko Dar na kabichi. Ulimpigia lini?"

"Atasema hivyo nikimpigia."

"Mama, kwa nini ulimpeleka? Ulijua mle ndani mna nini."

"Na nisingempeleka?" Sasa Yusta alimtazama, na macho yake yalikuwa makali. "Wewe umezaliwa wapi? Mtoto wa mtu anaugua, nyumba yenye mtoto anayenyonya ndiyo inayotazamwa kwanza. Usipoonekana mlangoni na mtoto wako, watu wanauliza: huyu anaogopa nini? Anajua nini? Nimekaa kijiji hiki miaka arobaini, hakuna aliyenitaja kwa uchawi, na sitaanza kutajwa kwa sababu mkwe wangu amesoma kilimo!"

"Kwa hiyo jina lako limepona. Mjukuu je?"

"Surua haikimbiwi. Surua inatoka nje, vipele vinakauka, mtoto anainuka. Inayoua ni sindano. Ukimchoma mtoto ugonjwa ukiwa umeshaingia mtaani, vipele vinarudi ndani. Nimeona kwa macho yangu. Danieli wangu walimchoma saa nne, saa nane amekufa."

Danieli alikuwa kitinda mimba wake. Picha yake haikuwepo, kwa sababu hakupigwa hata moja. Palikuwa na msalaba tu nyuma ya migomba, na kila Jumamosi ya Pasaka Yusta aliupaka chokaa. Watu wa nyumba ile walijua kulipita jina lile kwa mbali, kama unavyopita mzinga wa nyuki.

Dorkasi hakupita kwa mbali.

"Danieli hakuuawa na sindano, mama. Mlimweka gizani siku nane. Dirisha mliliziba kwa gunia, hamkumwogesha, maji mkamnyima. Siku ya tisa ndipo mkambeba hospitali. Kornelio ndiye aliyenisimulia. Mliwapelekea maiti inayopumua, mkaja kulaumu sindano."

Kuku walikuwa wakidonoa maganda.

"Toka," alisema Yusta polepole.

"Natoka. Nipe kadi."

"Kadi hupati. Bila kadi hawamgusi."

"Basi kaa nayo. Kadi haiugui surua."

Akaikaza mbeleko, akashika njia.

Njia ya kwenda kanisani inakata bonde, unashuka mpaka mtoni kisha unapanda mpaka moyo uje kinywani. Dorkasi aliikata kama anayefukuzwa, na kweli alikuwa anafukuzwa. Hajafika mtoni akasikia sauti ya Yusta nyuma yake juu ya mlima, mara Kiswahili, mara Kishambaa, ikimwita mwanamke asiye na adabu, mwuaji, mtoto wa watu wasiojulikana. Watu waliokuwa wakipalilia viazi waliinua vichwa. Dorkasi hakugeuka. Kizee yule alikuwa na goti bovu, lakini hasira humpa mtu magoti mapya.

Bandani wanawake kumi na mmoja walikaa kwenye mabenchi, watoto mapajani. Mizani ilining'inia kwenye boriti. Nesi Mwanamwema, mtu wa Tanga, aliyelalamikia baridi ya Usambara mwaka mzima bila kupumzika, alikuwa amevaa sweta mbili na anaandika.

"Nesi, nataka huyu achanjwe surua. Sasa hivi."

"Wewe nawe una salamu nzuri. Kadi?"

"Iko kifuani kwa bibi yake. Jina lake limo kwenye daftari lako, tazama. Glory Kornelio. Sindano zote za mwanzo ulimchoma wewe."

Mwanamwema alifunua daftari, akaliona jina, akatikisa kichwa. "Umri umefika. Lakini sifungui chupa."

"Kwa nini?"

"Chupa ya surua ni ya watoto kumi. Nikishaichanganya na maji yake, saa sita tu imekufa. Nikiifungua kwa mmoja, tisa namwaga, na ninayo hii moja tu. Nipatie watano, nafungua. Hapa," akaelekeza kalamu kwenye mabenchi, "kuna sita waliofikisha umri na hawajachanjwa. Nimewaomba tangu saa tatu. Wote wamekuja kupima uzito tu, eti. Kama tunauza nyama."

Wanawake walitazama miguu yao. Ni Latifa peke yake aliyecheka, mwanamke mnene mwenye mdomo usiofungwa, na mtoto wake wa mwaka mmoja akivuta hereni yake.

"Nesi, kuna surua mtaani kwetu," alisema Dorkasi. "Kwa Tatu. Mwanawe ana vipele."

Kalamu ilisimama. "Surua? Nani amemwona?"

Akawageukia wanawake wa kwenye mabenchi.

"Nawauliza nyie. Kuna mtoto mgonjwa kwa huyo Tatu?"

"Mafua," alisema Mama Alen kutoka pembeni. "Mafua na joto kidogo."

"Tumesikia tu," alisema Latifa. "Sisi hatujafika huko. Huyu Mama Glory tangu apate cheti chake anaona magonjwa kila mahali. Mwaka jana ilikuwa viazi vyetu, mwaka huu watoto."

Wengine wakacheka naye. Dorkasi aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba wanaogopa kitu kile kile alichokiogopa Yusta. Aliyekwenda hataki kusema alikuta nini. Kusema jina la ugonjwa wa mtoto wa mtu ni kama kumwombea mabaya.

"Wewe mwenyewe umemwona?" aliuliza Mwanamwema.

"Sijamwona. Mama yake kanieleza."

"Siwezi kuandika nilichoelezwa na mtu aliyeelezwa. Nitapita nikamtazame kabla sijaondoka. Chupa, hapana."

"Saa kumi kesho siku tatu zinakwisha!"

"Dada, usinipigie kelele. Dawa si yangu."

Dorkasi alikuwa amefungua mdomo kumjibu jambo ambalo lingemfukuzisha bandani, ndipo mlango ukajaa. Yusta alisimama pale akihema, kilemba kimehamia sikioni, mkono mmoja kifuani juu ya kadi.

"Usimguse mjukuu wangu!" alimfokea nesi. "Huyu amekudanganya. Anataka kumchoma kwa sababu mtoto amekwenda kumsalimu mgonjwa. Kusalimu tu! Surua ni ugonjwa wa kukimbiwa tangu lini? Sheshe ana vipele, haya, vitakauka! Mbona hawa wengine hawakimbii?" Aligeukia mabenchi, akitafuta mashahidi, na akawapata. "Latifa si tulikuwa naye? Mwanawe alikalia kitanda kimoja na wangu, wakala kiazi kimoja na mgonjwa! Mama Alen alikuja Ijumaa, na Sharifa, na yule wa karibu na mashine ya kusaga. Wote walikuja na watoto wao, kama watu. Waulize kama wanalia! Ni huyu wangu tu, mwenye diploma!"

Latifa aliacha kucheka. Alimtazama mwanawe kama mtu aliyekabidhiwa mzigo ambao hakuuliza una nini ndani.

"Wamekula kiazi kimoja," alirudia Mwanamwema. "Na mmenikalia hapa tangu saa tatu. Mafua, siyo?"

"Bibi, vipele vilikuwa vimetoka hiyo Jumamosi?" aliuliza Dorkasi, na hakumwita mama.

"Vimejaa uso mzima," alisema Yusta kwa ushindi. "Vilikuwa vinatoka vizuri."

Ndipo akaona nyuso. Alizitazama moja baada ya nyingine, akajua kuna kitu amekitoa mkononi mwake, ingawa hakujua ni kipi.

"Nani hakwenda kwa Tatu?" Dorkasi alisimama katikati ya banda. "Anyooshe mkono. Sitaki mnipende. Nataka mkono tu."

Hakuna mkono ulioinuka.

"Waliokwenda Ijumaa, siku zenu tatu zinakwisha leo. Mkisubiri kliniki ya mwezi ujao, hamtaleta watoto kupima uzito. Mtaleta macho yaliyooza na vifua vinavyokoroma. Na tukae kimya hivi hivi, ili nani asitajwe? Mimi mtanitaja leo jioni. Nitajeni. Nesi, mmoja wako huyu hapa."

Akakaa kwenye kiti cha kuchomea kabla hajaambiwa akae, akamshusha Glory, akaukunja mkono wa kushoto wa gauni lake.

Mama Alen aliinuka, akamfunga mwanawe mgongoni, akatoka. Kwa muda ilionekana kwamba wote watamfuata. Lakini Sharifa akasogea mbele, kwa nesi. Yule wa karibu na mashine akasogea pia, akimtazama Latifa.

"Mnanitazama nini?" alisema Latifa. Sauti yake ilikuwa imeishiwa nguvu. "Kiazi kilikuwa kimoja. Nami niandike."

"Wanne," alisema Mwanamwema.

"Umesema watano," alisema Dorkasi. "Nikakuletee wa tano kwa kumwiba?"

Mwanamwema alimtazama, akamtazama Glory, akalitazama jua mlangoni. Kisha akafungua boksi la barafu, akatoa chupa ndogo isiyozidi kidole gumba na nyingine ya maji yake, akang'oa kifuniko.

"Nikiulizwa nitasema nilimwona mgonjwa mtaani. Na nitamwona, nikitoka hapa ndiko naanzia. Mshike mkono. Mshike vizuri, siyo kama yai."

"Dorkasi!" Yusta alipiga hatua moja mbele. Miaka miwili tangu Dorkasi aolewe, mama mkwe hakuwahi kumwita kwa jina. "Ukimchoma huyo, nyumbani kwangu huna mlango. Mbele ya watu wote nasema."

"Nimesikia, mama. Na wao wamesikia." Dorkasi aliubana mkono wa mtoto kati ya vidole vyake, akakiegemeza kichwa chake kifuani. "Choma."

Sindano iliingia. Glory alishangaa kwanza, mdomo wazi, pumzi imekwama, kisha akalia kilio kilichojaza banda na kuvuka bonde. Yusta aligeuza uso ukutani, mkono ungali kifuani, kadi ikikunjika chini ya vidole vyake. Mwanamwema alichana kipande cha boksi la glavu, akaandika tarehe, akampa Dorkasi.

"Mwingine," alisema, na Latifa akakaa.