Mizinga ya Mmiliki Asiyejulikana

Saa moja asubuhi Restituta alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya fremu yake mjini Mpanda, akishona kwa mkono vifungo vya shati la mteja. Mlango ulikuwa na kufuli mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya Stanslaus, mwenye fremu, na ilikuwa hapo tangu Jumatatu. Ndani kulikuwa na cherehani, pasi ya mkaa na sare ishirini na tatu za shule, zimekatwa lakini hazijashonwa. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na leo ilikuwa Ijumaa. Vitambaa vyote vilikuwa vya watu.

Stanslaus alikuwa amepandisha kodi kutoka elfu arobaini kwa mwezi hadi elfu sitini, na alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Laki tatu na sitini. Restituta alikuwa na elfu hamsini na mbili, na bado unga na mafuta vilikuwa havijanunuliwa. Mama mmoja aliyekuja kuulizia sketi aliambiwa Jumapili jioni. Mwingine akaambiwa hivyo hivyo. Wa tatu aliitazama ile kufuli ya pili, akamtazama Restituta, akasema afadhali arudishiwe kitambaa chake.

"Kiko ndani," Restituta alisema. "Jumapili, dada. Nikikukosea, njoo nyumbani uchukue sufuria zangu."

Baba yake alifika saa mbili kwa bodaboda, akitokea kijijini upande wa Ugalla. Mzee Damiano alikuwa na miaka sabini na moja, na kazi yake tangu ujana ilikuwa kurina asali. Jana yake Restituta alikuwa amempigia kupitia simu ya jirani. Alikuwa ameenda ofisi ya kata kumlalamikia Stanslaus, hakusaidiwa, ila ukutani akakuta tangazo. Lilihusu fidia za mali zilizoondolewa kupisha barabara mpya, ambazo wenyewe hawakujitokeza. Kwenye orodha maneno yalikuwa yanajirudia: mzinga, shilingi 20,000, mmiliki hajulikani. Mwisho wa kudai ulikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu. Baada ya hapo fedha zingerudi hazina na asingesikilizwa mtu.

Njiani kuelekea halmashauri, akiwa amebeba ndoo yake ya vifungo, Restituta alimuuliza baba yake kwa nini alikaa miaka minne bila kudai.

Mzee alieleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Wathamini walipopita, warina asali wote walikuwa kambini, ng'ambo ya mto, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Aliporudi alikuta miti imelala na mizinga haipo. Basi akasubiri. Huko msituni ukikuta mzinga wa mtu umeanguka, unauegemeza mtini, unasoma alama yake, unampelekea mwenyewe taarifa. Hata mtu usiyeelewana naye unampelekea.

"Alama zangu zilikuwepo," alisema. "Nikajua wataleta taarifa."

Restituta alitaka kumfokea, akaona haina faida. Walikuwa na kazi ya kufanya.

Saa mbili na nusu walikuwa kwenye mstari. Saa nne wakaambiwa inatakiwa barua ya mtendaji wa kijiji. Restituta alikuwa ameshaiomba jana kwa simu, na mzee alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne, imegharimu elfu kumi ya kile mtendaji alichokiita karatasi. Ikahitajika nakala ya kitambulisho. Duka la kutolea nakala lililo mkabala na geti lilikuwa limepandisha bei kutoka shilingi mia hadi mia tatu kwa wiki hiyo. Ikahitajika picha ndogo mbili. Mzee akapigwa picha akiwa amevua kofia, elfu nne. Kila waliporudi walianza mwisho wa mstari.

Saa nane kasoro wakaingia. Afisa aliitwa Kelvin, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na macho ya mtu aliyelala kidogo. Alisoma karatasi zote, akazipanga, akazirudisha upande wao wa meza.

"Mzee, shikamoo. Tatizo ni moja. Hapa hakuna jina lako."

Restituta alimwambia kwamba hakuna jina la mtu yeyote, ndiyo maana wamekuja.

"Sasa mama, nitajuaje? Jana walikuja watu sita, kila mmoja anasema mizinga ni yake. Nikimlipa siye, mkaguzi akija ananikata mimi."

"Hao sita uliwauliza alama?"

"Alama gani?"

Mzee Damiano alivuta kiti mbele. Alisema kila mrina asali ana alama yake, anaichonga kwa tezo kwenye mzinga kabla haujapanda mtini. Ya kwake ni mikato miwili mirefu inayokwenda sambamba, na katikati tundu moja lililochomwa kwa chuma cha moto, chini kidogo ya mdomo wa mzinga. Alipewa na baba yake. Alikuwa na mizinga arobaini na mmoja kwenye msitu wa kijiji, mahali barabara ilipopita.

Kelvin alisukuma kiti nyuma. Kisha akafungua kabati, akatoa faili nene lenye picha. Wathamini walikuwa wameupiga picha kila mzinga na kuuandika namba kwa rangi nyekundu. Hakuna aliyekuwa ameandika habari za alama, ingawa zilionekana wazi pichani, kama chapa za ng'ombe.

"Nitafunua," Kelvin alisema. "Wewe sema wako au si wako. Mama, wewe kaa kule, usimsaidie."

Restituta alienda kusimama mlangoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini.

Picha ya kwanza, si wangu. Ya pili, wangu. Ya tatu, wangu. Kelvin alirudi nyuma kumtega, akafunua picha ileile mara mbili, na mara zote mbili mzee alijibu vilevile, akaongeza kwamba hiyo ameshaiona. Walipofika mwisho Kelvin alihesabu tiki zake. Zilikuwa arobaini.

"Umesema arobaini na mmoja."

Mzee aliomba warudi picha ya sitini na tatu. Akaweka kidole. Mzinga ule ulikuwa umepigwa picha kwa nyuma, na alama haikuonekana. Alisema anaujua kwa tawi, ni mninga uliopinda, aliupandisha mwaka aliozaliwa mjukuu wake Queen.

"Huo siwezi, mzee wangu. Tawi siyo alama."

"Ni wangu."

"Naamini. Ila siwezi."

Elfu ishirini ikabaki serikalini. Kelvin alijaza fomu ya mizinga arobaini, laki nane, akaipeleka chumba cha pili kwa bosi wake. Dakika kumi na mbili Restituta hakukaa. Kijana aliporudi, fomu ilikuwa na saini na mhuri wa bluu, wino haujakauka. Fedha zingeingia kwenye akaunti ndani ya siku kumi na nne.

Restituta aliipiga picha fomu ile, akamtumia Stanslaus, na kuandika kwamba akitaka laki tatu na sitini zake afungue leo, kwa sababu fundi asiyeshona halipi. Alama mbili za bluu zilitokea. Jibu likachelewa. Kisha: "Sawa Mama Queen. Njoo chukua funguo kabla ya saa kumi. Wiki mbili zisizidi."

Alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Sare ishirini na tatu. Usiku huu, kesho na Jumapili. Zinashoneka.

Aligeuka kumwita baba yake waondoke. Mzee hakuwa ameinuka. Alikuwa bado na faili, akirudi ukurasa wa kwanza.

"Huu wa Erasmus," alisema. "Huu pia. Hii alama ya kwato ni ya marehemu Zefania, binti yake yuko Mwese. Huu wa Osward. Wa Osward tena."

Kelvin aliangalia saa. Saa tisa na dakika tano. Alisema hawezi kupokea majina kwa mtu mwingine, utaratibu hauruhusu, kila mwenye mali aje mwenyewe na barua.

"Hatukupi wewe," Restituta alisema. Alichukua mezani moja ya fomu zilizoharibika, akaigeuza upande mtupu, akaomba kalamu. Kelvin alisita, akampa. Kisha akasogeza kiti chake kando ili faili lipate mwanga wa dirisha.

Mzee alitaja, Restituta akaandika namba na jina, namba na jina. Hakukosa hata mmoja. Miaka minne mizinga ile ilikuwa haina mwenyewe, na iliwachukua robo saa.

Saa tisa na dakika ishirini Restituta alitoka nje na kumpigia Erasmus.

"Shikamoo baba mdogo. Uko mjini au shamba? Sikiliza, panda bodaboda sasa hivi, uje na kitambulisho. Barua utaikuta huku, tutamsumbua mtendaji kwa simu. Ndiyo, najua wanafunga saa tisa na nusu."

Aliingia tena ndani, akaweka ndoo yake ya vifungo katikati ya mlango wa ofisi ili usifungike, akaikalia.