Kitanda cha Mama Marta Angani

Sema lolote kuhusu Martin wa Mlola, lakini usiseme hampendi mama yake. Tatizo lake ni moja tu: ni kifunguamimba, na kifunguamimba wa Kisambaa akishaamua jambo, hata mvua ya masika haimrudishi nyuma. Ubishi huo nusura umponze, kama si Hadija.

Mama yake Martin, Mama Marta, alikuwa Chikago kwa binti yake Eliza. Alikwenda kulea mjukuu, akateleza kwenye barafu, nyonga ikavunjika. Akatiwa vyuma, akapona, akaanza kutembea na fimbo. Sasa binti wa mwisho, Glory, aliyeolewa Ujerumani, alikaribia kujifungua. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika. Akalia kwenye simu kama mtoto mdogo: "Mama, safari hii usiponishika mkono, mimi sitaweza." Jamani, mzazi gani atasikia hayo akae kitako? Lakini daktari alishasema: bibi huyu asikalishwe kwenye kiti saa nyingi, miguu itavimba na damu itaganda. Kama lazima asafiri, asafiri amelala, tena awe na mtu wa kumwangalia.

Kulala ndani ya ndege maana yake ni daraja la biashara. Watoto wa Amerika na wa Ujerumani walipoona bei yake, kila mmoja aliweka simu chini akashika kichwa. Mama Marta ndiye aliyekata shauri. "Mwambieni Martin aende kwa Hadija."

Hadija ana chumba chake Lushoto mjini, jirani na soko, kati ya duka la mbegu na fundi cherehani. Kabla ya kuolewa na mwalimu wa huku milimani, alifanya kazi ofisi ya ndege Dar es Salaam, na mji mzima unalijua hilo. Mzungu akipoteza tiketi huko msituni, anaelekezwa kwake. Ndiye aliyemkatia Mama Marta tiketi ya Amerika, akafika salama na mzigo wake wa njegere kavu.

Martin akaketi mbele yake, kofia mapajani, akitazama vidole vya Hadija vikicheza juu ya kompyuta.

"Kaka Martin," Hadija alisema, "kiti cha ndege ni kama kabichi zako. Siku ya gulio ina bei yake, siku ya kawaida ina bei yake. Watoto wameangalia Ijumaa, siku ambayo kila mtu anasafiri. Sisi tunakwenda Jumanne."

Akabonyeza. Bei ikashuka.

"Halafu ndege hii moja, viti vyake vinauzwa na kampuni mbili zinazoshirikiana. Hii ya kwanza inauza ghali. Sasa mtazame mwenzake."

Akabonyeza tena. Bei ikashuka mpaka Martin akapiga mluzi. Ndege ileile, kiti kilekile! Mtu ameketi Lushoto, sweta limefungwa vifungo vyote kwa baridi, anawatoa jasho matajiri wa Chikago na Frankfurt. Martin alisikia raha moyoni kama vile yeye ndiye aliyeyafanya hayo.

"Nani anamsindikiza?" Hadija aliuliza.

"Shemeji yangu Alen, mume wa Eliza. Eliza ananyonyesha."

Hadija akainua macho. "Mkwe wake?"

"Huyohuyo. Wakae pamoja."

"Lakini kaka Martin..."

"Dada, nimesema bega kwa bega! Mama yangu asiachwe peke yake hata kidogo."

"Haya," alisema Hadija, akachagua viti viwili vya katikati. Martin akaomba picha ya viti hivyo, akamrushia mama yake palepale, kisha akapiga simu kifua mbele.

"Martin," alisema Mama Marta, "hivi ni viti?"

"Vinakunjuliwa, mama. Vinakuwa vitanda. Utalala kama uko nyumbani!"

"Na hiki kitanda cha pili, kilichobanana na changu, ni cha nani?"

Martin akafungua mdomo kujibu, na hapo ndipo akili ilipomrudia. Ee Mungu wangu! Mkwe! Kwao mwanamume hakanyagi chumba anacholala mama mkwe wake. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia majanini apishe. Tangu amwoe Eliza, Alen hajawahi kula mbele ya bibi yule. Na sasa mtoto mkubwa wa nyumba, mzee wa kanisa mtarajiwa, amewatandikia kitanda na kitanda.

"Umenikatia tiketi nikalale na mkwe wangu?"

"Mama, mimi nilidhani..."

"Siendi. Mwambie Glory, Mungu mwenyewe atamshika mkono." Sauti ikamkatika, na simu ikakatika.

Martin akatokwa na jasho kwenye ile baridi. Alijua mama yake hatarudi nyuma, maana ubishi huo yeye aliurithi kwake. Akamfikiria Glory peke yake kwenye kitanda cha hospitali, ugenini, na macho yakamjaa.

"Dada Hadija, nimeharibu kila kitu."

"Hujaharibu. Sijalipia. Nafasi nimeishika tu, mpaka kesho."

"Ina maana ulijua?"

"Nimezeekea kwenu huku, nisijue mkwe ni nini?" Hadija akacheka. "Ningekuambia, ungenisikiliza?"

Martin, mkweli wa Mungu, akatikisa kichwa.

Basi Hadija akakunja mikono ya sweta. Mbele akamwekea Mama Marta kitanda kimoja, dirishani. Alen alitupwa daraja la kawaida, safu ya kwanza nyuma ya pazia. Kisha akapiga simu kwenye kampuni ya ndege, Kiingereza kimenyooka, hapandishi sauti na habembelezi: Mama Marta apate kiti cha magurudumu viwanjani huku na kule, mhudumu amwamshe na kumnyoosha miguu, na Alen aruhusiwe kufika mpaka pazia. Alipomaliza, jumla ilikuwa imepungua karibu nusu.

"Kumbe heshima nayo inashusha bei!" Martin akapiga kofi mezani.

Wakampigia Mama Marta tena. Aliuliza jambo moja tu: "Hilo pazia ni zito?"

Hadija akachukua simu. "Shikamoo mama. Ni zito."

"Marahaba mwanangu. Basi naenda."

Alikwenda. Juma lililofuata Martin alikuwa palepale kwa Hadija, amemletea kapu la mapeasi ya shukrani, simu ikaita kutoka Ujerumani. Kilichosikika kwanza ni kilio cha mtoto mchanga. Martin akapiga magoti sakafuni, mzima mzima. Hadija akajifunika uso kwa mtandio.

"Ni wa kike," alisema Mama Marta. "Glory mzima. Nilimshika mkono mpaka mwisho, nusura auvunje."

"Na wewe, mama? Miguu?"

"Yangu haikuvimba. Nililala kama malkia. Iliyovimba ni ya mkwe wangu."

"Alen? Kafanya nini?"

"Hakukaa kwenye kiti chake, mwanangu. Kila mara nasikia kikohozi nyuma ya pazia, halafu, 'Hodi, mama, hujambo?' Namjibu sijambo baba, nenda ukakae. Wahudumu wanamrudisha, anarudi. Tuliposhuka ndipo nikaambiwa kwamba njia nzima alikuwa amesimama pale, asije akapitiwa na usingizi nikaita asisikie."



"Sasa hivi yuko sebuleni kwa Glory, miguu kaiweka juu ya mto. Nimempikia uji. Mimi siwezi kuingia alikojilaza mkwe, kwa hiyo namsubiri jirani ampelekee."