Kengele ya Grigore

Padri Partenie alimchoma mama yangu miaka yote hii bila kiberiti. Kaka yangu Grigore alipojinyonga ghalani, padri alikataza kengele isipigwe, akakataa sala, tukamzika nje ya uzio wa makaburi. "Aliyejiua yuko jehanamu, mama," alisema, "na huko sala haifiki." Mama akaamini. Kila Jumapili alisimama mbele ya ukuta wa kanisa uliochorwa mto wa moto, akiwatazama waliomo mmoja mmoja, akimtafuta mwanawe.

Kisha akafa Toader, mwana wa padri, maana mapadri wetu wa Kiorthodoksi huoa. Kengele zikalia mpaka ng'ombe wakakosa raha. "Moyo ulisimama ghafla," padri akatangaza. Moyo! Mimi ndiye ninayeosha maiti hapa kijijini. Niliiona alama ya kamba shingoni mwa Toader, na padri mwenyewe alinisihi nimfunge kola hadi juu. Nje nilinyamaza, kwa kumhurumia mke wa padri. Nyumbani nikamwambia mama.

Nilidhani atalia. Akafurahi, masikini! "Kumbe padri amepata njia ya kumtoa wake motoni," akasema. Akachemsha ngano ya wafu, ile inayosomewa sala kwa kutaja jina la marehemu, akaitia asali, na siku ya arobaini ya Toader akaiweka kanisani kando ya sahani ambayo padri alimwekea mwanawe.

"Baba, mtaje na Grigore wangu."

"Mama, haya tulishayazungumza. Haiwezekani."

"Si umemtaja Toader?"

"Toader alikufa kwa moyo."

Mama akanigeukia, kisha akamtazama yeye. Furaha yote ikamtoka usoni.

"Binti yangu ndiye aliyemwosha, Baba. Usinifanye mtoto."

Padri akainamia kitabu chake.

"Kama moto ule upo," mama akasema, "mbona hukumwogopea wako? Na kama haupo, mimi ulinichomea nini?"

Akageuza ukurasa. Haki ya Mungu, nilitaka ajibu, hata kwa uongo mwingine. Nilimchukia pale pale, na bado namchukia.

Mama akaenda chini ya mnara, akaishika kamba ya kengele kwa mikono miwili, akavuta. "Grigore!" akaita kila ilipolia. "Grigore!"

Mtunza kanisa akakimbilia kumzuia. Mke wa padri akamdaka mtunza kanisa mkono.

"Mwache," akasema huku akilia. "Mwache ampigie mwanawe."