Kijiko Nyuma ya Karatasi

Sanduku lililetwa Jumatatu asubuhi, Pindo hata cherehani hajaitoa nje. Afande akachomeka drili, akatoboa ukuta wa baraza lake matundu manne, vumbi likamwagikia gauni la bibi harusi lililokuwa linaning'inia, halafu ndiyo akageuka na kuuliza, "Haina shida, eti dada?"

Sasa shida utaisemea wapi, na ukuta umeshatobolewa?

Lilikuwa sanduku la bati la buluu, lina mdomo juu na kufuli ubavuni, limeandikwa kwa rangi nyeupe: TOA TAARIFA, USIOGOPE. Afande mwenyewe alikuwa sajini wa kitengo cha polisi na jamii, anachekacheka na kila mtu hadi mtaa ukambandika jina la Tabasamu. Alichagua pale kwa sababu baraza la Pindo ndilo pekee lenye paa lisilovuja. Basi. Hakuna kingine. Lakini nenda kawaeleze watu!

Kufika Ijumaa, Pindo alikuwa ameshapewa cheo cha shushushu bila kuomba kazi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa anamsubiri afungue mlango tu.

"Fundi! Jana umepima viuno vingapi, na pingu umepimia wangapi?"

Vicheko mpaka kwenye foleni ya bomba. Mtu akabandika ubani uliotafunwa kwenye mdomo wa sanduku. Mwingine akaja na sura ya kikao cha talaka, akanyoosha mkono.

"Nirudishie kitambaa changu."

"Si nimeshakikata, dada yangu?"

"Nipe hivyohivyo vipande. Nguo za polisi zinabana."

Pindo akavikunja vipande, akampa. Angefanyaje? Alishone sanduku mdomo?

Hapa lazima mjue jinsi alivyokuwa anafanya kazi. Ukimpelekea kitambaa, anakupima, anaandika vipimo kwenye kikaratasi, na badala ya jina anachora kitu. Akina mama wenye majina yanayofanana walikuwa wengi mno, alishawahi kumpa mtu sketi ya jirani yake, wakagombana mwaka mzima. Kwa hiyo wewe ni jani, yule kofia, yule ufunguo. Vipimo vinabaki kichwani mwake, kikaratasi unaondoka nacho, na siku ya kuchukua nguo unakirudisha. Ukutani aliandika kwa chaki: HAKUNA KIKARATASI, HAKUNA NGUO. Na hakuwa na mzaha. Mama yake mzazi alishawahi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mke wa mwenyekiti alikuwa kijiko, kwa jinsi anavyopenda kukoroga maneno. Mtaa mzima ulimwita Shemeji. Mwenyekiti mwenyewe, bwana mkubwa wa kamati ya ulinzi, mwenye filimbi shingoni na tochi hata saa sita mchana, mwezi uliopita alikuja kumchukulia mkewe blauzi. Alikitazama kikaratasi akacheka hadi akakohoa.

"Mke wangu umemgeuza kijiko? Hii nitamtania mpaka uzeeni!"

Kumbukeni hicho kicheko.

Jumamosi saa nne, Tabasamu akaja na kipaza sauti na viti vya plastiki. Alitangaza kwamba sanduku litafunguliwa hadharani, mbele ya wananchi, ili kila mtu aone polisi hawafichi kitu. Yaani hata yeye hakuwa amechungulia ndani. Hiyo ndiyo akili aliyokuja nayo!

Watu walijaa. Kusaidia? Wapi! Walikuja kuzomea. Muuza nyanya, aliyeporwa simu mara mbili mwaka huo, alikaa mbele kabisa amekunja mikono.

"Afande, simu yangu ya kwanza mliandika kwenye daftari. Ya pili mkaandika kwenye daftari. Hilo daftari lina laini? Nilipigie?"

"Mama, leo ni ukurasa mpya," Tabasamu akasema, meno yote nje.

"Ukurasa tena!"

Mwenyekiti akasimama, akapuliza filimbi. "Ndugu zangu, heshima. Afande ni mgeni wangu. Na mwenye siri yake angekuja kwangu kwanza, siyo kutumbukiza karatasi kwenye mabati." Alisema hivyo akimkodolea Pindo. Shemeji alikuwa amesimama nyuma kabisa, ameshika kamba ya mkoba kwa mikono miwili.

Kufuli likafunguliwa. Yakamwagika maganda ya pipi, tiketi za bahati nasibu, kishungi cha nywele kutoka kwa mnajua nani. Kinyozi akainama kwa heshima, watu hoi. Na katikati ya takataka hizo, kikaratasi kimoja kilichokunjwa mara nne.

Tabasamu akakikunjua, akakiinua usawa wa macho, akasoma kwenye kipaza sauti neno kwa neno kama mtoto wa darasa la pili:

"SIMU ZINAZOPORWA SOKONI ZIKO KWENYE TANGI LA JUU LA MWENYEKITI. TANGI HALINA MAJI."

Alipofika neno la mwisho ndipo akaelewa anachosoma. Tabasamu likaanguka.

Lakini Pindo hakuwa anasikiliza tena. Macho yake yalikuwa nyuma ya karatasi, upande uliowaelekea watu. Kifua arobaini na mbili. Kiuno thelathini na nane. Mikono robo tatu. Na pembeni, kimechorwa kwa kalamu yake mwenyewe, kijiko.

Mtu wa mbali angeona mikwaruzo tu. Lakini mwenyekiti alikuwa amekaa ubavuni mwa afande, anaona upande wa maandishi peke yake, na sasa ananyoosha mkono.

"Nipe nione mwandiko," akasema taratibu. Na mtu huyu akisema taratibu, mkewe anavaa mikono mirefu wiki nzima. Nani angejua hilo kuliko fundi anayempima?

Tabasamu, jamani, akaanza kumpa! Mazoea tu: mwenyekiti ndiye anayetunza faili za kamati.

Pindo akapita katikati ya viti kama mtu anayekimbilia sufuria inayofurika. Akakikwapua kikaratasi, akakitia mdomoni, akatafuna.

"We fundi! Ushahidi huo!"

"Nimeandika mimi," akasema, mdomo umejaa. "Karatasi yangu, kalamu yangu." Akameza. Kikakwama kooni, machozi yakamtoka, akameza tena.

Hapo ndipo mtaa ulipolipuka. "Si tulisema!" "Shushushu!" Mtu akarusha ganda la ndizi, likamtua begani. Mwenyekiti akamsogelea mpaka filimbi ikamgusa kidevu.

"Utashona sanda yako mwenyewe. Unanisikia?"

"Nasikia," Pindo akasema. Mdomo ulishaanza kazi. "Kama nimekuzushia, si twende tukafungue tangi? Mniadhibu hapohapo."

"Kwangu haingii mtu bila kibali!"

Muuza nyanya akainuka, kiti cha plastiki kikainuka naye, akakibandua. "Kibali cha kuangalia maji? Mwenyekiti, si wiki iliyopita ulituambia bomba likikauka tuje kuchota kwako? Mimi nina kiu."

Akaanza kutembea. Wenzake wa sokoni wakamfuata, na simu zao zilizobaki wameziinua juu, wanarekodi. Tabasamu akatazama zile simu, akamtazama mwenyekiti, kisha akavaa kofia yake vizuri na kukimbia ili walau aonekane ndiye anayewaongoza.

Simu za kwenye tangi zilikuwa thelathini na moja, zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, kavu kabisa.

Mwenyekiti aliondoka kwenye gari la polisi, filimbi bado shingoni. Mngedhani Pindo alibebwa juujuu? Thubutu! Muuza nyanya alipita barazani na simu zake mbili bila hata kugeuza shingo. Kinyozi akapiga kelele, "Leo kamchoma mwenyekiti, kesho nani? Chungeni midomo!" Wadogo zake mwenyekiti wawili wakahamia kwenye benchi la kinyozi, wakakaa wanamtazama Pindo tu. Jioni ile na kesho yake.

Jumatatu akaja Shemeji. Alianzia mbali, sauti inafika mpaka bombani.

"Mvunja nyumba wewe! Nimekuja kuchukua kilicho changu, sitaki tena mkono wako unishike!"

"Mwambie, shemeji!" wale wa kwenye benchi wakaitikia.

Aliingia ndani, akasukuma pazia nyuma yake. Wakabaki wawili. Gauni lilikuwa tayari, limekunjwa mezani, mikono robo tatu. Shemeji akalinyooshea mkono.

Pindo akaliwekea kiganja juu, akaonyesha maandishi ya chaki ukutani kwa kidevu.

"Kikaratasi?"

Shemeji akamtazama. Midomo ikamcheza.

"Si umekila?"