Nani Alitutangulia Kutazama?

Msusi alikuwa na uhakika na mambo mawili: kwamba hakuna mteja anayefunga mdomo kichwa kikishakuwa mikononi mwake, na kwamba yeye na mumewe walikuwa wameishia sehemu ya sita ya tamthilia yao.

Saluni kwake asubuhi ni ripoti tupu za runinga. Huyu kaona filamu ya mapigano, analalamika jamaa kabiringika matopeni na shati bado linang'aa. Yule kaona ya mapenzi, kalia mpaka kope za bandia zikabanduka. Msusi naye hutoa yake huku vidole vikikimbia. Kwenye tamthilia yao mtoto kaibwa hospitalini, na yeye anamshuku daktari. Mtu mzima na akili zake anavaaje miwani ya jua wodini?

Basi jioni moja karudi nyumbani, kawasha runinga, nayo ikamkaribisha vizuri tu: endelea na sehemu ya kumi.

Ya kumi? Alisogea karibu, akasoma tena. Nani kawatangulia?

"Umenisaliti," alimwambia mumewe alipoingia. Mume ni mwokaji mikate, na unga ulikuwa bado umemganda nyuma ya masikio. "Tulikubaliana tutaangalia pamoja."

"Mimi? Mimi nikigusa hilo kochi nimeshalala. Hata hiyo ya sita sijui iliishaje."

Hapo alisema kweli. Tangu ya pili alikuwa anacheka mwanzo tu, kisha anakoroma.

Nyumbani walibaki na mtu mmoja wa kumshuku, naye hashukiwi hata kwa bahati mbaya. Mama mkwe alihamia kwao baada ya kuanguka na kuumia nyonga. Siku ya kwanza tu aliitazama runinga kutoka juu mpaka chini, akasema hicho ni kitu cha watu wasio na kazi. Tangu hapo msusi alimpa heshima zake. Mama akitoka chumbani, yeye huyoo, rimoti, anazima. Mama anapita kwenda jikoni, anasema, "Endeleeni tu," anarudi zake. Mlango ukifungwa, runinga inawashwa tena. Mkwe akitaka heshima zaidi ya hiyo, akatafute wapi?

Na sasa mama alikuwa anaondoka. Jumamosi wifi angekuja kumchukua akakae kwake. Hakukuwa na ugomvi, wala neno baya. "Nimekaa vya kutosha," ndiyo yote aliyosema. Hilo lilimkata msusi maini kuliko tusi, kwa sababu mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa msichana mdogo, na huyu alipoletwa na magongo yake, msusi alijiambia moyoni, haya, nimepata mama. Kumbe mama mwenyewe anakunja nguo, na kosa halisemwi.

Basi Ijumaa, mezani, akatega mtego.

"Mimi nasema daktari ndiye aliyemwiba mtoto," alimwambia mumewe kwa sauti ya kuwatosha na majirani. "Ile miwani si bure."

"Daktari gani?" aliuliza mume.

Mama mkwe alikuwa anatafuna taratibu. Akaacha kutafuna.

"Na yule shangazi wa mtoto, maskini. Mtu mwema kuliko wote mle ndani."

Mama akachukua maji, akanywa, akarudisha glasi. Akageukia dirishani, kama vile kuna la kuonekana huko.

"Anavyomlilia yule mtoto, jamani. Machozi ya kweli kabisa yale."

Uzalendo ukamshinda mama. "Machozi gani? Yule anajipaka maji ya bomba. Na daktari wa watu ni mgonjwa wa macho, ndiyo maana anavaa miwani. Si amesema mwenyewe kwenye ya nane?"

Mume aliamka kabisa, labda kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Mama," msusi alisema polepole, "kumbe ni wewe?"

Mama alinyoosha kitambaa cha meza mahali kisipokuwa na mkunjo wowote. "Nilikuwa nawasikia mnacheka. Nikitoka, mnazima. Nikirudi chumbani, mnacheka tena. Nikajiuliza, ni kitu gani hicho ambacho mimi sitakiwi kukiona? Mlipokwenda kazini nikakiwasha."

"Tulikuwa tunazima kwa heshima, mama. Wewe ndiye uliyesema ni kitu cha watu wasio na kazi."

"Si ndiyo kwanza nilikuwa nafika? Mgeni lazima aseme chochote." Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi nacheka peke yangu mchana, nyinyi mnacheka wenyewe jioni. Hiyo nayo ni nyumba moja?"

Msusi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miezi yote ile alidhani anamwinamia mkwe wake, kumbe anamfungia mlango. Aliinuka, akachukua rimoti, akaiweka kwenye mapaja ya mama. "Turudishie ya saba."

"Ya saba nimeshaiona."

"Najua. Kaa hapa katikati."

Mama alikaa, mguu juu ya stuli, na hakufunga mdomo. Alimgombeza shangazi, akampa nesi ushauri wa ndoa, na mwanawe alipoanza kukoroma alimpiga kiwiko cha mbavu. Msusi alicheka mpaka akashika tumbo, na runinga haikuzimwa mpaka ya kumi ilipokwisha.

Asubuhi wifi alipiga simu kusema anawasha gari. Msusi, aliyekuwa anavaa viatu vya kazini, alisimama na kimoja mkononi.

"Leo usije," mama aliiambia simu. "Tumebakiza sehemu mbili."

Mbili! Msusi alitembea mpaka saluni na hiyo mbili kichwani. Alishika kitana, akaanza kugawa nywele za mteja wa kwanza, kimya.

"Vipi leo, huna ripoti?" mteja aliuliza.

"Leo nauliza mimi. Nataka tamthilia nyingine."

"Zipo. Unapenda nzuri ya namna gani?"

"Iwe nzuri, iwe mbaya, shauri yake," alisema msusi. "Nataka ndefu. Ile ndefu kuliko zote mnazozijua."